Kuchagua mashine ya Linux na BSD hapa Dodoma: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Wakuu habari. Hii ni kwa wanaotaka Linux (Debian, Ubuntu, Mint na RHEL ni matoleo yake, ndo tunayoita distro) au BSD (kama FreeBSD na OpenBSD), mifumo endeshi ya kuweka mahali pa Windows. Wiki mbili nyuma dogo mmoja wa UDOM alikuja nyumbani na laptopu kaizungushia kanga ndani ya begi, vumbi la Dodoma si unalijua, akaitoa taratibu akaiweka mezani akasema "kaka nimeinstoli Debian imekubali freshi kabisa, ila waifai haioni mtandao hata mmoja". Nikaiangalia, bodi ya alumini, kioo hakina mkwaruzo, stika ya i7 inang'aa, ukiiona unasema hii ya mkurugenzi. Nikafungua teminali nikaandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, mstari wa waifai ukajieleza wenyewe: Broadcom. Draiva yake, yaani programu ya kuiongoza kadi, ipo, inaitwa broadcom-sta, ila haiji na kerneli (kiini cha Linux), unaipakua pembeni alafu inabidi ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, siku ikigoma kujengeka unabaki na laptopu isiyo na mtandao wakati mtandao ndo unaouhitaji ili uitengeneze. Na ile hela aliidunduliza semista mbili nzima.

Hicho ndo kimenifanya nikae chini niandike hii kitu kwa urefu. Watu wengi wanachagua mashine kwa nembo ya kwenye mfuniko na namba ya stika, wakati Linux na BSD hazijui nembo, zinajua chipu. Laptopu mbili za jina moja na modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti za waifai, moja ikakubali kila kitu ndani ya dakika 5 na nyingine ikakusumbua mwaka mzima. Kwahiyo hatua zote hizi zinaelekea sehemu moja, usitoe hela mpaka mashine imewaka na flashi yako mwenyewe na umesoma chipu zake kwa macho yako.

Alafu saivi ni wakati mzuri wa kununua. Microsoft walisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa prosesa za Intel karibu zote kuanzia kizazi cha 8, kwahiyo laptopu za kizazi cha 6 na 7 ambazo bado nzima kabisa wenye nazo wanaziacha. Kwetu sisi izo ni mashine za miaka mingi mbele.

Hatua ya 1: sema kwanza kazi yake

Usianze na "nataka laptopu nzuri". Nzuri ya nini? Mwanafunzi anayejifunza Python na C, anaandika ripoti na brauza yake ina tabu 15, huyo RAM ya 8GB na SSD ya 256GB zinamtosha bila shida. Anayesoma mambo ya mitandao na anataka kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) tatu kwa mpigo asishuke chini ya 16GB, na ahakikishe VT-x (uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe) ipo na imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) maana nyingi zinakuja imezimwa. Mwenye duka pale Sabasaba anayetaka kompyuta ya kuandikia mauzo tu, hata 4GB na XFCE (desktopu nyepesi ya Linux) inakwenda. Ofisi ndogo inayotaka seva ya mafaili hiyo laptopu sio lazima, nitaisemea mbele kwenye mini PC. Na kama unataka OpenBSD iwe mlinzi wa mtandao wa ofisi unahitaji poti mbili za waya wa mtandao kwenye boksi moja, iyo ndo sifa ya kwanza, mambo ya prosesa yanafuata.

Andika kazi yako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Nasema kwa uzito, maana ukifika dukani muuzaji atakuonyesha kioo cha kugusa, taa za kibodi, kadi ya gemu, na utajikuta unalipia vitu ambavyo kazi yako haivitaki.

Hatua ya 2: prosesa, soma kizazi usisome i ngapi

Namba inajieleza. i5-6300U ile 6 ya mwanzo baada ya kistari ndo kizazi, i5-8350U ni kizazi cha 8, na kuanzia 10 kwenda juu zinakua tarakimu mbili kama i5-1135G7 ambayo ni ya 11. Herufi U ni prosesa ya umeme mdogo, HQ na H ni zile zinazokula na kuchemka. Sasa stika ya i7 bila kizazi haina maana yoyote, i7 ya kizazi cha 3 inaachwa na i5 ya kizazi cha 8 tena kwa mbali, kwasababu kizazi cha 8 ndo Intel walipanda kwenye izi za U kutoka kori 2 kuwa 4.

Kwa Linux ya kawaida mimi nasema anzia kizazi cha 6, ukipata cha 8 kwa bei inayolingana chukua bila kufikiria mara mbili. Mashine za 32 bit achana nazo kabisa, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena instola yake, na Ubuntu ya desktopu waliacha miaka mingi nyuma. Wanaosomea kazi za seva wajue pia kwamba RHEL 10 inataka prosesa yenye maagizo ya AVX2, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 4, na Celeron nyingi zinaachwa nje hapo hata zikiwa mpya.

Na apo kwenye Celeron naomba mnisikilize. Kuna vilaptopu vipya vya boksi, vina plastiki nzuri na rangi nzuri, ndani kuna Celeron ya N na eMMC (diski ya chipu) ya 64GB iliyochomelewa kwenye mazabodi na RAM ya 4GB nayo imechomelewa. Mzazi anaona mpya ina waranti anamnunulia mtoto anayeanza chuo. Mwaka wa pili mtoto hawezi kuongeza RAM, hawezi kubadilisha diski, hana la kufanya. Hela ile ile inanunua EliteBook 840 G3 au Latitude E7470 au ThinkPad T470 ya mtumba ambayo utaifungua kwa bisibisi ukaongeza kila kitu. Kwa hili sina kigugumizi, mtumba ya daraja la ofisi inaishinda mpya ya bei rahisi.

AMD Ryzen nazo ziko vizuri, draiva ya amdgpu ipo ndani ya kerneli, ila mpe mashine kerneli mpya, usiweke distro ya miaka mitano nyuma kwenye Ryzen ya juzi alafu ukalaumu Linux.

Hatua ya 3: waifai, hapa ndo watu wanapigwa

Ningeweza kuandika mwongozo mzima wa waifai peke yake. Ukikutana na kadi ya Intel umepona, iwe 7260, 8260, 8265, AX200 au AX210, kerneli ina iwlwifi na kinachobaki ni faili la fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) tu, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea zinakuja ndani ya instola rasmi, ile shida ya zamani ya kutafuta faili pembeni imeisha. Atheros za zamani zinazotumia ath9k ndo tamu kuliko zote, zile za PCI hazihitaji hata faili la fimwea. Realtek ni bahati nasibu, RTL8821CE na wenzake saivi zina draiva ndani ya kerneli kwa jina la rtw88 lakini nimeona zikikata kata mtandao na nyingine antena yenyewe dhaifu, ukitoka chumba kimoja kwenda cha pili imepotea. Broadcom nimeshaisema.

Wa BSD wawe makini maradufu. OpenBSD ina iwm kwa Intel za 7260 mpaka 9560 na iwx kwa AX200 kwenda mbele, FreeBSD ina iwlwifi yake iliyochukuliwa kutoka upande wa Linux, nje ya Intel orodha inapungua haraka sana. OpenBSD pia haina blututhi kabisa, waliitoa mwaka 2014, kwahiyo kama spika zako na maiki ni za blututhi fikiria tena. Na fimwea zao haziji kwenye flashi ya kuinstolia kwasababu ya leseni, mashine inazipakua yenyewe kwa fw_update ikiwaka mara ya kwanza, kwahiyo lazima uwe na njia nyingine ya mtandao siku hiyo.

Njia hiyo unayo mfukoni. Simu ya Android ukiichomeka kwa waya wa USB na ukawasha kushea intaneti kwa USB, Linux inaiona kama kadi ya mtandao bila kuinstoli chochote, na BSD nazo zina urndis kwa kazi hiyo. Bando la simu linakuvusha mpaka upate fimwea. Kariri hii maana itakuokoa siku nyingi.

Unaweza kubadilisha kadi? Ndio, mara nyingi ni skrubu moja na vijiwaya viwili vya antena. Ila mambo mawili yaangalie kabla. ThinkPad za zamani kama X220, X230 na T430 zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, ukiweka isiyokuwemo inawaka inakuandikia 1802 inasimama hapo hapo. Na kadi kama 9560 na AX201 ni za aina ya CNVi, nusu ya kazi yake inafanywa na chipu za Intel kwenye mazabodi, ukiichomeka kwenye mashine ya zamani au ya AMD inakaa vizuri kabisa kwenye tundu lakini haitoonekana. Kwa mashine ya zamani tafuta 8265 au AX200.

Hatua ya 4: kadi ya picha

Fupi tu. Intel ya ndani, kama HD 520 au UHD 620, chukua, kwenye Linux inafanya kazi kabla hujamaliza kunywa chai, kwenye FreeBSD unaweka drm-kmod basi. AMD sawa. Nvidia kama hufundishi modeli za AI na huchezi gemu usiilipie, draiva yao ni ya kampuni, wanaacha kadi za zamani kwenye matoleo mapya, laptopu za kadi mbili zinakula betri na kuchemka, na OpenBSD haina draiva ya kuiongezea kasi hata kidogo.

MacBook nazo nyingi mjini. Zile Air za 2015 na 2017 zina waifai ya Broadcom na kamera inayotaka draiva ya pembeni, za Intel zenye chipu ya T2 kuanzia 2018 zinataka kerneli iliyotengenezwa maalum, za M1 na M2 kuna mradi wa Asahi (Linux ya Mac hizo) unaofanya kazi nzuri sana ila sio kila kitu. Mashine nzuri, lakini kwa anayeanza simshauri.

Hatua ya 5: diski na RAM

Uliza RAM ina nafasi ngapi. T480 ina mbili, inafika 64GB. T480s ina moja tu na nyingine imechomelewa. X1 Carbon yote imechomelewa, uliyonunua nayo ndo utakayozikwa nayo. Na ukinunua kipande cha kuongeza jua ni DDR3L au DDR4 maana havibadilishani hata kwa kulazimisha.

Diski, kama mashine ina hadi diski (hard disk) ya kuzunguka panga hela ya SSD tokea siku ya kwanza. Tundu la M.2 angalia linataka SATA au NVMe, zinafanana kwa macho lakini mashine nyingi za kizazi cha 5 na 6 zinakubali aina moja tu.

Hatua ya 6: andaa flashi mbili nyumbani

Flashi ya kwanza, ya 16GB au zaidi, weka Ventoy (programu ya kuwashia mifumo mingi kwa flashi moja) alafu nakili humo ISO (faili za kuinstolia mfumo) kadhaa: Debian live yenye GNOME au XFCE, Linux Mint, na ya BSD unayoitaka. Ya pili andika ISO moja tu moja kwa moja kwa amri ya dd, maana kuna mashine hazipatani na Ventoy, na ISO za OpenBSD ni salama zaidi ukitumia ile faili ya img iliyoandikwa moja kwa moja kwenye flashi. Ukimaliza kupakua pima kwa sha256sum ulinganishe na namba ya kwenye tovuti yao, bando likikatika katikati faili linaweza kuja bovu ukaja kulaumu laptopu ya watu.

Pakua ukiwa kwenye mtandao wa chuo au usiku kwenye bando la usiku, ISO moja ya live ni kama GB 3.

Beba pia waya wa USB wa simu, hedifoni, na kitambaa kikavu.

Hatua ya 7: dukani, dakika 20 bila haraka

Salimia vizuri, mwambie muuzaji mapema "kaka mimi natumia Linux, naomba niiwashe na flashi yangu, sitagusa diski yako". Muuzaji mwenye mali safi hatakataa. Akikwambia "bosi hii ni mashine ya kazi niamini tu, flashi zinaleta virusi", shukuru uondoke, hata kama kakupunguzia elfu hamsini.

Kabla ya kuchomeka flashi ingia kwenye BIOS. ThinkPad ni F1, HP ni F10, Dell ni F2. Unatafuta kitu kimoja, je inaomba nywila? Ikiomba na muuzaji haijui, funga mfuniko mrudishie. Nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad haitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa, imekaa kwenye chipu yake, na mashine nyingi za mtumba zimetoka maofisini huko nje zikiwa nazo. Humo humo kwenye Dell ukikuta diski imewekwa "RAID On" jua NVMe inaweza isionekane kwenye instola mpaka uibadili iwe AHCI.

Sasa washa upya, ThinkPad na Dell bonyeza F12, HP bonyeza F9, chagua flashi. Ikishafunguka nenda teminali:

lspci -nnk

Pitia taratibu. Chini ya kila kifaa unatafuta mstari wa "Kernel driver in use". Penye Network controller ukiona iwlwifi pumua. Pakiwa na jina la kifaa bila mstari huo, hicho kifaa hakina draiva hapo, na usikubali kuambiwa "ukiapdeti itakubali". Kisha:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ikilalamika imeshindwa kupakia faili fulani andika jina lake.

Betri ndo sehemu ya pili ambapo wanatudanganya, wanakuonyesha asilimia 100 kwenye kona ya kioo. Hiyo ni asilimia 100 ya kilichobaki. Andika:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Mashine nyingine zinaandika charge_full badala ya energy_full, hesabu ni ile ile. Juzi nilipima T480 moja, betri yake ya ndani ilitoka kiwandani na 24050000, saivi inashika 15600000, gawanya unapata kama asilimia 65. Nilimwonyesha muuzaji namba zile kwenye kioo, kijana mstaarabu akazisoma mwenyewe, akakaa kimya kidogo akasema "hapo mzee una haki", tukashuka bei. Chini ya 50 mimi nahesabu kama haina betri, nakata bei ya betri mpya.

Diski pima na programu ya Disks ya kwenye GNOME, kuna sehemu ya SMART (ripoti ya afya ya diski), au ukiwa na mtandao wa simu weka smartmontools uandike sudo smartctl -a /dev/sda. Kwa hadi diski na SSD za SATA angalia Reallocated na Pending, zikiwa zaidi ya sifuri kwenye hadi diski hiyo diski iko njiani. Kwa NVMe soma "Percentage Used", ndo kiasi cha maisha yake kilichokwisha tumika.

Alafu ilaze, systemctl suspend, subiri dakika mbili, iamshe. Usiruke hii hata muuzaji akiwa na foleni ya wateja, maana mashine inayolala vibaya inakuchemkia ndani ya begi ukiwa kwenye daladala. cat /sys/power/mem_sleep itakuonyesha aina za usingizi, ukiona neno deep kwa Linux ni habari njema.

Malizia kwa mkono: bonyeza kila kitufe cha kibodi, fungua kamera, cheza sauti kwa spika na kwa hedifoni, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB moja baada ya jingine, shika chaja ukiitikisa kidogo uone kama inakata. Vitu vidogo lakini tundu la chaja lililolegea ni safari ya kwa fundi.

Kuna wanaoagiza Kariakoo mzigo uje na basi. Mimi sipendi, kwasababu hakuna wa kukuchomekea flashi. Tangu treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma ianze mwaka 2024 unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa mashine ya bei kubwa ni bora ulipe nauli.

Hatua ya 8: vumbi na umeme wa kwetu

Huku kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili, miezi inayobaki ni kavu na upepo, na barabara nyingi za mitaani ni za udongo. Mwaka jana nilifungua deskitopu ya stationari moja huku Nkuhungu, mlango unatazama barabara, mwenyewe analalamika kwamba inajizima ikifika saa 8 mchana. Nikatoa feni ya prosesa. Chini yake, kati ya feni na vile vibati vya kupoozea, vumbi jekundu lilikua limeshikamana limekua kama kipande cha blanketi, nikalibandua kwa vidole likatoka zima na umbo la mduara wa feni. Hewa ilikua haipiti kabisa. Nikapuliza, nikafuta pesti iliyokauka nikaweka mpya, joto kwenye amri ya sensors likashuka kutoka 90 na kitu mpaka 50 na kitu. Hiyo ndo sababu nasema ukiwa Dodoma chagua mashine inayofunguka kwa skrubu za kawaida, usinunue iliyogundishwa, kwasababu lazima utaifungua kila mwaka. Prosesa za U zinachemka kidogo kwahiyo feni inavuta vumbi kidogo, na hilo nalo ni sababu ya kuzipenda.

Umeme. Laptopu ina UPS yake ndani ndo maana hata kwa seva ndogo ya nyumbani laptopu ya zamani ni chaguo zuri. Kwa ofisi mimi nasifu mini PC za mtumba, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Zinatumia chaja kama ya laptopu, zikitulia mara nyingi hazizidi wati 15, mnara wa zamani unakula mara tatu mpaka nne ya hapo na unit za LUKU unazijua wewe. UPS ndogo inaibeba mini PC muda mrefu kuliko mnara. Waya wa mtandao tumia, usiweke seva kwenye waifai.

Ukinunua ya seva ingia BIOS tafuta sehemu ya umeme ukirudi, kwenye Dell inaitwa AC Recovery, iweke Power On. Bila hivyo umeme ukikatika usiku ukarudi alfajiri seva inabaki imezima mpaka mtu aje kubonyeza, na ofisi inafunguliwa Jumatatu. Badilisha pia betri ya saa, ile ya CR2032, ikifa mashine inawaka inadhani ni miaka kadhaa nyuma, apt inakwambia faili la Release bado halijaanza kutumika, tovuti zote zinakataa cheti, na wewe unatafuta kosa kwenye mtandao wakati kosa ni kibetri kama sarafu.

Faili sistemu ext4 inavumilia kukatika kwa umeme vizuri tu, FreeBSD na ZFS (faili sistemu nyingine) inavumilia zaidi ila iandalie RAM ya 8GB kwenda juu. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) napenda kwa kujifunza, lakini memori kadi zake hazipendi umeme wa kukatika katika, na Pi 5 inataka chaja ya volti 5 ampea 5, chaja ya simu haiitoshi.

Kama ushanunua tayari

Rudi kwa yule dogo wa UDOM. Hatukuuza laptopu yake. Nilikuwa na Latitude mbovu iliyokufa mazabodi, nikachomoa kadi yake ya Intel 8265, tukafungua yake, skrubu moja, vijiwaya viwili cheusi na cheupe. Vile vichwa vya antena ni vidogo kuliko punje ya mtama, unakiweka sawa juu ya kichuchu chake alafu unabonyeza na ukucha mpaka usikie kinaingia, ukilazimisha kwa koleo umevunja. Tukawasha, waifai bado hamna. Dogo akaniangalia. Nikamwambia andika dmesg usome, akasoma mwenyewe, inatafuta iwlwifi-8265-36.ucode haipati, kwasababu alipoinstoli Debian kadi ilikua Broadcom na instola haikuweka fimwea ya Intel. Akachomeka simu yake kwa waya, akahakikisha non-free-firmware imo kwenye sources.list, apt update, apt install firmware-iwlwifi, akazima akawasha, majina ya mitandao ya mtaa mzima yakashuka kwenye orodha.

Kabla hajaondoka nikamwandikisha hii, na wewe ifanye siku ya kwanza ukifika nyumbani na mashine yako: lspci -nnk > mashine.txt, alafu lijitumie hilo faili kwenye simu.